Kwetu Hakuna

Katika wote wanaojua kusimulia, mimi ndiye nisiyetia chumvi. Jambo lilivyokuwa ndivyo litakavyotoka, halitaongezeka wala kupungua. Kweli, mwanzoni hadithi hii ilikuwa na mbuzi, na mbuzi mwenyewe hakuwepo, nimeshamtoa. Na mwanamke mwenyewe nilitaka kusema ana miaka arobaini na kitu, lakini ana zaidi, ila ni rika langu na sioni haja ya kuanikana.

Basi mwanamke huyo kazi yake ilikuwa kuvisha majeneza. Maseremala walipomaliza kupiga randa na kupaka vanishi, sanduku lilikuja kwake likiwa tupu, ukiligonga linalia kama pipa. Yeye alilitandika sponji, juu ya sponji satini nyeupe, na satini hiyo akaikunja marinda kuzunguka ukingo wote, akiyabana kwa pini moja baada ya nyingine, mpaka ndani pakapendeza hata aliye hai akatamani kujinyoosha kidogo. Marinda yake yalilingana kiasi kwamba wateja walidhani yametoka kiwandani. Kwa sababu hiyo karakana nzima ilimwita Mama Satini. Na kwa sababu nyingine hawakumruhusu kutoka chumba cha nyuma.

Sababu hiyo ilikuwa mdomo. Kuna siku dada wa mapokezi aliugua, na bosi, kwa kukosa mtu, akamweka Mama Satini mbele. Akaingia mjane, kanga mabegani, macho yamevimba.

"Habari za kazi?" mjane aliuliza, kama mtu yeyote anavyouliza akiingia mahali.

Wewe na mimi tungesema nzuri, yakaisha. Mama Satini alifikiri kwanza. Pale kazi ikiwa nzuri, maana yake watu wanakufa. Ikiwa mbaya, maana yake wanapona, na kupona si kubaya. Alilipima swali huku na huku, mjane amesimama anasubiri.

"Nzuri sana," akajibu mwishowe, kwa kuwa ndiyo ilikuwa kweli. "Wiki hii wamekufa wengi."

Mjane akasogea kwenye jeneza la maonyesho, akabonyeza mto mdogo wa satini kwa vidole viwili. "Huu ni laini kweli? Mwenzangu alikuwa hawezi kulalia kitu kigumu."

"Hatasikia," alisema Mama Satini. Tena alisema kwa upole, kama anayempa mtu habari njema.

Kilio kilichofuata kilisikika mpaka kwenye mashine ya msumeno. Bosi alimrudisha nyuma kwa kumsukuma begani, na seremala mmoja mwembamba, waliyemwita Msumari, alicheka mpaka akakalia maranda.

"Dada, huo mdomo hauna mlango," alisema. "Nikuchongee?"

Mama Satini alicheka kesho yake, alipoielewa.

Sasa, alikuwa na binti mmoja, ameolewa, na huyo binti alikuwa na mtoto wa kike ambaye umri wa kuanza shule ulimfika akiwa hajatamka hata "mama". Mtoto walimwita Kizibo, maana muda wote vidole vyake vilikuwa masikioni kama vizibo vya chupa. Walijaribu kila walichoambiwa, mpaka mwisho wakampeleka kwenye zahanati moja ya watoto, kwa daktari kijana mwenye sauti ya chini. Mama Satini alikwenda nao ili ambebe Kizibo, kwa sababu mtoto hakukubali kubebwa na mtu mwingine.

Daktari alianza kuuliza. Mtoto yuko mapajani kwa bibi, kwa hiyo daktari aliuliza akimtazama bibi, na bibi yeye akitazamwa akaulizwa, hujibu.

"Anaziba masikio kelele zikizidi?"

"Ndiyo. Honi siwezi kabisa. Wala watu wakitafuna."

Daktari aliandika, kisha akasita kidogo. "Kuna nguo anazozikataa?"

"Za sufu. Na zile lebo za shingoni, nikinunua nguo tu nazikata zote."

"Akiitwa jina lake anageuka?"

"Kama nafanya kazi, hapana. Mpaka mtu anishike. Na nikishikwa naruka."

"Mama!" binti yake alimnong'oneza, uso umemwiva.

"Bibi," alisema daktari, "nauliza habari za mtoto."

"Lakini unaniangalia mimi."

Daktari aliweka kalamu chini. Hakucheka, na hilo Mama Satini alilikumbuka baadaye kuliko mengine yote. Aliwaeleza kwamba kitu alichonacho Kizibo kinaitwa usonji. Si laana, alisema, wala hakiambukizi, wala mama mtu hakukosea lolote. Mtoto amezaliwa akiipokea dunia kwa namna yake. Dawa ya kuuondoa hakuna. Kilichopo ni kumjua na kumfundisha taratibu. Binti akauliza usonji huo umetoka wapi. Daktari akasema mara nyingi huwa ndani ya familia, unatembea na damu. Na walipokuwa wanatoka, akamgeukia Mama Satini: "Na wewe, bibi, ukipenda njoo siku nyingine peke yako. Watu wazima pia tunawapima. Si lazima. Wengine wanataka kujua, wengine wanaona wameshazoea."

Lile neno la damu ndilo lililobomoa nyumba.

Binti alikuwa anakaa kwa mama mkwe wake, ambaye humu tutamwita Bi Mkwe, maana ndivyo alivyopenda aitwe hata na watu asiohusiana nao. Mwanawe, yaani mume wa binti, alikuwa fundi wa friji. Chumba cha mbele cha nyumba ile kilijaa majokofu yaliyofunguliwa migongo, mengine yakinguruma, mengine yakitetemeka. Fundi Friji alikuwa hodari. Aliweka kiganja ubavuni mwa jokofu, akafumba macho, akakuambia ugonjwa wake. Mtu mzima mwenye masharubu, na kwenye harusi yake mwenyewe, spika zilipofunguliwa, bwana harusi alipotea. Walimtafuta mpaka wakamkuta nyuma ya ukumbi amekaa kwenye kreti ya soda, anasikiliza jenereta. Bi Mkwe aliwaambia wageni kwamba ni tumbo.

Binti aliporudi kutoka zahanati akaeleza alivyoambiwa.

"Uso nini?" aliuliza Bi Mkwe.

"Usonji, mama."

"Kusonya? Siku hizi kusonya ni ugonjwa? Basi mimi nitandikieni kitanda kabisa!" Akavuta sonyo moja refu, la mfano, wajukuu wa jirani wakacheka. Lakini binti alipofika kwenye habari ya damu, kicheko kikakatika.

"Damu ya nani?"

"Hakusema ya nani."

"Kwetu hakuna," alisema Bi Mkwe. "Uliza popote. Huyu mwanangu unayemwona alianza kuongea kabla hajaota meno. Ni mpole tu. Upole si ugonjwa." Fundi Friji alikuwa hapohapo, ameinamia kompresa ya jokofu moja, hakuinua kichwa. "Lakini mama yako, mwanangu, nisamehe. Mama yako alikuja msibani kwetu, akanishika mkono, nikasubiri aseme pole. Unajua aliniambia nini? Akaniambia jeneza lilikuwa pana mno kwa marehemu, atacheza humo ndani."

"Lilikuwa pana kweli, mama."

"Najua lilikuwa pana! Nilimwona anavyoyumba!"

Hukumu ikapita palepale. Binti na mtoto waende kwao kwanza. Mama Satini akapimwe. Akiwa hana, basi ni mapenzi ya Mungu tu, watarudi na maisha yaendelee. Akiwa nao, Bi Mkwe hatakaa aone ukoo wake unaharibika. Mwanawe bado kijana, atapata watoto kwingine. Fundi Friji alibeba begi la mkewe mpaka mlangoni, akaliweka chini, akasimama nalo kama anayesubiri lifti. Kisha akarudi kwenye friji zake.

Mama Satini alikuwa na chumba kimoja kwenye uchochoro wa mafundi wanaonyoosha mabati ya magari. Kutwa nzima ni nyundo kwa bati. Yeye mwenyewe alikuwa amejaza magunia ya vipande vya sponji dirishani ili aweze kuishi. Kizibo hakuweza. Tangu azaliwe alilala kwa mngurumo wa friji za baba yake, na sasa mngurumo haupo, ipo nyundo. Siku ya kwanza alilia mpaka sauti ikakauka. Siku zilizofuata hakulia tena. Alikaa chini akigonga paji la uso ukutani, kidogokidogo, bila hasira, kama mtu anayebisha hodi. Walimwekea mto, akauhama mto. Mama yake akamkumbatia, mtoto akamng'ata. Paji likavimba, likawa bluu, kisha likapasuka. Bibi alimshonea kofia ya sponji iliyofunikwa satini, iliyobaki kwenye jeneza la mtu mnene, na mtoto akaikubali kwa sababu haikuwa na lebo. Ikawa anagonga kwa kofia. Sauti ikapungua, lakini hakuacha.

Na humo humo katika balaa hilo, Mama Satini alikuwa na jambo lake, ambalo hakuna aliyemuuliza. Alitaka kujua.

Alipokuwa mdogo mama yake alimwambia, "Niangalie nikisema nawe!" Akimwangalia, "Unanikodolea macho, mshenzi we!" Kofi la kwanza na la pili yote yalitoka mkono uleule, naye hakuwahi kugundua macho yanatakiwa kukaa wapi. Shuleni aliitwa Jiwe. Ujanani aliitwa Jeuri. Mume wake aliondoka akisema amechoka kuishi na kabati: ukilifungua limepangwa vizuri, ukilifunga limenyamaza. Mtu akiitwa hivyo tangu asubuhi ya maisha yake mpaka jioni, anaamini. Alikuwa ameamini kwamba ni mbaya, mbaya wa kuzaliwa, kama wengine wanavyozaliwa na kengeza. Sasa kijana mmoja aliyevaa koti jeupe alimwambia huenda lipo jina ambalo si tusi.

"Ukishajua utafanyaje?" Msumari alimuuliza, siku ile aliyoamua kumweleza. Alikuwa anapiga msasa kifuniko.

"Nitajua."

"Sawa, halafu?"

"Halafu nitakuwa najua."

"Dada, utazaliwa upya? Utarudishiwa mume?"

"Yule simtaki, alikuwa anatafuna." Mama Satini alivuta satini, akaangalia kama uzi umenyooka. "Nitajua kwamba mama alinipiga bure."

Msumari akaacha msasa. Mtu wa mizaha akikosa mzaha huwa anatia huruma. "Mama yako si alishafariki, dada?"

"Ndiyo. Nilimkunjia marinda mwenyewe. Sikuacha hata moja likapinda. Nilidhani akiona atasema basi, huyu naye anafaa."

Hapo Msumari alikumbuka ana gundi inakauka nje.

Siku ya kupimwa ilipokaribia, binti alimkalisha mama yake kitandani, Kizibo yuko chini anabisha hodi yake ukutani.

"Mama, usiende."

"Mama mkwe wako kasema niende."

"Sema umekwenda."

"Niseme daktari kasemaje?"

"Kwamba huna."

"Sijui kama sina."

"Ndiyo maana usiende! Ukienda utajua, na ukijua utasema. Nakujua, mama. Utaingia pale utawaambia kabla hujavua viatu. Lakini mtu asiyejua, akisema sina, hajasema uongo. Amekosea tu."

Mama Satini aliligeuza hilo upande huu na ule. Lilikuwa limeshonwa vizuri, ila lilikuwa na tundu. "'Sina' sawa. Lakini 'nimekwenda' ni uongo."

"Ni mdogo."

"Uongo una saizi?"

"Kama majeneza yako, mama. Upo wa mtoto na upo wa mtu mzima."

Kisha Mama Satini akasema, taratibu, kwa sauti ambayo binti hakuizoea, "Mimi nilitaka kujua, mwanangu. Mara moja tu. Hata nisimwambie mtu."

"Wewe huwezi kutomwambia mtu!" Binti aliinuka. Alikuwa na siku nyingi hajalala na maneno yalimtoka kabla hajayachambua. "Maisha yangu yote nimeishi na ukweli wako! Shuleni walikuwa wananiuliza, yule mama anayeongea peke yake getini ni nani? Unajua nilikuwa nasema nini? Nilikuwa nasema ni jirani. Nilisema mama yangu yuko safari."

"Kumbe," alisema Mama Satini. "Ndiyo maana mwalimu wako alinishukuru kwa ujirani mwema."

Binti alikaa chini akalia. Mama yake alijua kwamba hapa mtu hushikwa, lakini hakuwa na hakika wapi, basi akamshika kiwiko. Alikishika muda mrefu. Chini, kofia ya satini ilikuwa inagonga ukuta, na kwenye satini nyeupe doa dogo jekundu lilikuwa limeanza kupenya.

Asubuhi ya siku yenyewe alioga, akavaa gauni lake la pamba ambalo halimkwaruzi, akafika njia panda. Kulia ni zahanati, kushoto ni karakana. Alisimama pale mpaka muuza magazeti akamuuliza kama amepotea. Alijibu kwamba hapana, anajua njia zote mbili. Nitasema alilia? Hakulia. Yeye machozi yake yalikuwa yanachelewa kama vicheko vyake. Alifikiria jina lile lisilo tusi, lilivyokuwa linamsubiri ndani ya kile chumba cha daktari chenye kiti cha bluu. Akafikiria doa kwenye satini. Akakata kushoto.

Karakana ilikuwa na jeneza fupi linalomsubiri. Alilivisha bila haraka. Msumari, alipoelezwa mpango, alijitolea kumfundisha kudanganya. Alisema katika fani hiyo yeye ana shahada.

"Haya, niambie umetoka kwa daktari."

"Nimetoka kwa daktari," aliiambia satini.

"Siyo kwa kitambaa! Kwangu. Machoni."

"Siwezi vyote viwili. Nikiangalia macho, maneno yanakimbia."

"Basi angalia paji la uso. Hawajui tofauti."

Alijaribu. Akajaribu tena. Mara ya mwisho Msumari alimwangalia kwa huzuni, akasema kwamba mtu akiwa mlevi sana, na gizani, anaweza kumwamini.

Jioni Mama Satini, binti yake na Kizibo walikwenda kwa Bi Mkwe. Mara tu mlango ulipofunguliwa, Kizibo aliponyoka mkono wa mama yake, akakimbilia jokofu kubwa la pembeni, akalibandika shavu. Akatoa vidole masikioni. Mtoto akafumba macho akashusha pumzi, pumzi ndefu kama aliyokuwa ameibana tangu walipoondoka. Baba yake, aliyekuwa amepiga magoti na bisibisi mkononi, alimwangalia mtoto na ile kofia yake yenye madoa. Kisha akanyoosha mkono, akaongeza kidogo ukali wa lile jokofu, lingurume zaidi.

Mama Satini aliliona hilo, na moyo ukampa nguvu.

"Karibu, mkwe," alisema Bi Mkwe, amejipanga kwenye kochi kama jaji. "Habari za huko?"

"Nzuri," alisema Mama Satini, na binti yake akashtuka, maana haikuwahi kutokea. "Nimetoka kwa daktari. Kanipima. Kasema sina."

"Huna?"

"Sina hata kidogo."

"Daktari yule yule kijana?"

"Yule yule."

"Leo hii?"

"Leo asubuhi."

"Mkwe, paji langu lina nini? Mbona unalikodolea?"

Mama Satini akahamishia macho kwenye sikio. Alikuwa amefika mwisho wa alichofundishwa. Binti alikuwa ameukamata mkono wa kochi.

Bi Mkwe aliinuka polepole. Alipiga makofi mara moja, kama anayeua mbu. "Haya, jamani, mmesikia? Mwanamke aliyenitukania maiti kwa sababu hawezi kunyamazia ukweli! Leo kaniletea uongo mbichi, haujapita hata jikoni! Pale zahanati pamefungwa tangu jana! Mlango una kufuli hili hapa," akaonyesha ngumi, "daktari kafiwa na baba yake, kaenda kuzika, mpaka wiki ijayo. Mlinzi ndiye aliyeniambia, kakaa pale kwenye kiti anakula mahindi. Mwongo wewe! Mnao, mnajua mnao, na mlitaka kutubandika!"

Binti alijifunika uso. Mtu mwingine yeyote angetafuta shimo ajifukie. Lakini aibu nayo kwa Mama Satini ilikuwa inachelewa. Kilichowahi kufika kilikuwa maneno, na katika maneno yale kulikuwa na moja lililokaa vibaya, kama rinda lililopinda kwenye ukingo.

"Kweli, mkwe. Sikwenda," alisema. "Nimedanganya. Mlinzi alikuambia lini?"

"Eh?"

"Umesema ndiye aliyekuambia. Anakula mahindi. Ulimwona lini?"

"Asubuhi. Si nilikuwa napita."

"Unapita kwenda wapi?"

"Napita tu! Mtu hapiti? Barabara ni ya baba yako?"

"Lakini pale hapapitiki, mkwe. Barabara inaishia kwenye lango lao. Nyuma yake ni shimo la machimbo."

Friji zilinguruma. Bi Mkwe alikaa, kisha akasimama tena, akavuta upande wa kanga uliokuwa haujalegea. "Nilikwenda kununua mkaa," alisema. "Kuna mama anauza mkaa pale. Mkaa mzuri tu. Sasa mnanihoji mimi, mwongo kasimama hapo!"

Fundi Friji aliweka bisibisi sakafuni. Hakumtazama mtu. Kiganja chake kilikuwa ubavuni mwa jokofu, juu kidogo ya kichwa cha Kizibo.

"Pale hauzwi mkaa, mama," alisema. Ilikuwa sauti kavu, ya mtu asiyeitumia mara nyingi. "Zahanati ile friji ya chanjo natengeneza mimi. Hauzwi kitu. Ulikwenda kumuuliza daktari habari zangu mimi?"

Bi Mkwe akasema hapana. Akasema hapana mara ya pili, na machozi yalikuwa yameshamfika kidevuni.